Kazi ya Benki Kubwa Mbeya: Kuishi na Waliokutangulia Bila Kukabidhi Saini Yako

Umepata barua ya ajira. Benki ni kubwa, ya siku nyingi, na umepangiwa tawi la Mbeya mjini, au Mafinga, au Tunduma. Hongera. Chuoni ulifundishwa kulinganisha mahesabu na kusoma mizania, lakini hukuambiwa kwamba kile kiti cha dirishani kwenye chumba cha chai kina mwenyewe, na kwamba ukikikalia siku ya kwanza utasikia habari zako mwenyewe hadi Ijumaa.

Benki zetu kubwa bado zinakwenda kwa ngazi. Inaangaliwa nani alianza lini, nani alimfundisha nani kazi, nani alikuwa tawi gani kabla hajaja hapa. Kuna vijana wanaoikataa hali hiyo waziwazi, na mwaka hauishi hawajaacha kazi. Wengine wanainama kupita kiasi, hadi siku wanapokaa mbele ya wakaguzi wakijibu jambo ambalo walitumwa tu. Nitakachokueleza hapa ni namna ya kumpa mkubwa heshima yake yote huku saini, ufunguo na paswedi vikibaki mikononi mwako. Mengine yote ni nyongeza juu ya hilo.

Jua kwanza ngazi hizi zilitoka wapi

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa zaidi ya miaka ishirini karibu biashara yote ya benki Bara ilipita humo. Mtu alianza karani, akapanda polepole, akahamishwa kutoka Songea kwenda Tukuyu kwenda Iringa, na kazi ilitunzwa kwenye vitabu vikubwa vilivyoandikwa kwa mkono. Aliyekuwa na miaka mingi ndiye aliyekuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mfumo. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, CRDB ikabadilishwa kuwa benki binafsi mwaka 1996, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Majina na rangi za mabango vikabadilika. Watu walikuwa walewale.

Wengi wa kizazi hicho wamestaafu sasa. Lakini wakuu wako wa leo walifundishwa kazi na hao, tena wengine walifundishwa kwa ukali. Ukiona msimamizi wako anakataa fomu kwa sababu tarehe imefutwafutwa, usidhani anakuonea. Yeye alirudishiwa kitabu kizima akiandike upya.

Kabla ya siku ya kuripoti

Soma barua ya ajira mpaka mwisho, hasa sehemu ya kipindi cha majaribio na sehemu ya uhamisho. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana kinga ile ya kuachishwa kazi isivyo haki aliyonayo mwenzake wa siku nyingi. Hiyo miezi sita iheshimu. Si wakati wa kushindana na mtu kuhusu feni au pazia.

Nunua sweta nzuri ya rangi iliyotulia, au koti. Mtu aliyetoka Dar es Salaam hudhani suti moja inatosha. Juni na Julai, Mbeya na Njombe, utakaa kaunta huku vidole vimekufa ganzi, na noti hazihesabiki kwa vidole vya namna hiyo. Glavu za kukata vidole hazivaliki mbele ya mteja, kwa hiyo joto lazima litoke kwenye nguo za ndani. Nalisema hili kwa uzito uleule ninaousemea mkataba.

Nyumba tafuta mahali ambapo asubuhi huna sababu ya kuchelewa. Ukipanga Uyole au Mbalizi kwa sababu kodi ni nafuu, ujue barabara kuu ya Tanzania na Zambia ina malori, na lori moja likilala barabarani daladala zote zimelala. Tawi linafunguliwa wateja saa mbili na nusu, lakini wewe unatakiwa uwe ndani mapema zaidi, droo yako ikiwa imepokelewa na kuhesabiwa.

Siku za mwanzo: ngazi ziko mbili

Ipo ngazi ya cheo, ile iliyobandikwa ukutani: meneja wa tawi, meneja wa uendeshaji, maafisa, keshia mkuu, makeshia, wahudumu. Na ipo ngazi ya miaka, ambayo haijaandikwa popote. Meneja wa tawi anaweza kuwa na miaka thelathini na tano, ametoka makao makuu, ana shahada mbili. Keshia mkuu anaweza kuwa mama wa miaka hamsini na saba aliyepokea mameneja sita na kuwaaga wote. Utamwona meneja asubuhi akisimama mlangoni: "Shikamoo mama." Naye anajibu, "Marahaba baba, umeamkaje?" Halafu saa tatu mama huyohuyo anabisha hodi kwa meneja akiwa na faili na kumwita "bosi." Hakuna aliyejishusha. Kila mmoja anapewa haki yake kwenye ngazi yake.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza kazi yako ni kuzisoma ngazi zote mbili. Msalimie kila mtu, kuanzia mlinzi. Shikamoo inafuata umri, haifuati cheo, na dereva wa tawi akiwa ni wa umri wa baba yako mwamkie kama baba. Iringa na Njombe utasikia "kamwene" kabla ya neno jingine lolote. Itikia, hata kama huijui lugha zaidi ya hapo. Watu wa pale hawadai uijue, wanataka tu usipite kama upepo.

Usimwite mtu mzima kwa jina lake tupu, hata kama kwenye mfumo jina lake linaonekana hivyo na hata kama makao makuu wanapeana majina ya kwanza kwenye barua pepe. Tumia dada, kaka, mama, mzee, au cheo. Ukiwa huna uhakika, sikiliza wenzako wanamwitaje, kisha panda daraja moja juu ya hapo.

Kisha tafuta yule mtu mmoja ambaye tawi zima humwendea likikwama. Kila tawi linaye, na mara chache ni meneja. Pengine ni mzee wa masijala anayejua faili la dhamana la mwaka juzi liko kabati gani, au dada wa huduma kwa wateja anayejua kwamba mteja fulani wa mbao ana akaunti nne zenye majina yanayofanana. Kaa karibu naye. Muulize maswali akiwa hana foleni, na andika majibu kwenye daftari ili usimuulize jambo lilelile tena. Wakubwa wanavumilia asiyejua, ila asiyeandika anawachosha haraka.

Na habari ya kutumwa chai? Kijana aliyetoka chuo kikuu huona ni dharau. Mimi naona nenda tu. Chota chai, panga vikombe, hutapungukiwa na kitu, na pale mezani utasikia mambo ambayo hayamo kwenye mafunzo ya wiki mbili. Mpaka ni huu: usitoke kaunta wakati droo yako iko wazi, na usitumwe kubeba karatasi za wateja nje ya tawi bila maandishi. Chai ni chai. Bahasha yenye muhuri wa benki ni jambo jingine.

Mkubwa anapoomba usichopaswa kutoa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wanapoharibikiwa.

Benki inalindwa na utaratibu mmoja wa kale: hakuna jambo zito linalofanywa na mtu mmoja. Anayeingiza muamala kwenye mfumo siye anayeuidhinisha. Sefu ina watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake au namba zake. Fedha zinahesabiwa na wawili, wote wanasaini. Utaratibu huu haukuwekwa kwa sababu watu ni wezi. Umewekwa ili siku fedha zikipungua, mwaminifu awe na cha kumtetea.

Sasa tatizo la tawi lenye wakubwa ni kwamba utaratibu wa wawili hugeuka kuwa wa mmoja na kivuli chake. Mkubwa anafanya, mdogo anasaini. Na mara nyingi mkubwa hana nia mbaya hata kidogo: ana haraka, foleni imefika barabarani, ni tarehe ya mishahara ya walimu, na amekuzoea. Ukimkatalia kwa kumsomea kanuni, umemvunjia heshima mbele ya watu na atakukumbuka. Ukimkubalia, umeweka jina lako mahali usipopajua.

Dawa ni kumpa kitu kingine badala ya kile anachoomba. Anachohitaji kwa kweli ni kazi iishe. Basi mpe kazi.

Anakwambia: "Mdogo wangu, niachie paswedi yako nimalizie hizi, wewe nenda kale." Jibu: "Dada, ngoja nizimalize mwenyewe dakika tano, chakula hakikimbii." Na kweli uzimalize. Hutakuwa umesema hapana, wala paswedi haijatoka.

Anakusogezea karatasi ya hesabu ya sefu usaini na wewe hukuhesabu: "Kaka, naomba tupitishe mabunda kwenye mashine mara moja tu, mkono wangu bado mgeni, nisije nikakuangusha." Kujishusha namna hiyo hakukugharimu chochote, na mashine itahesabu.

Meneja anapiga simu yuko njiani kutoka Chunya: "Mlipe huyo mteja, fomu nitasaini kesho." Jibu: "Sawa bosi. Naomba unitumie mstari mmoja kwenye barua pepe niambatanishe, nimalizane naye sasa hivi." Jambo likiwa halali, mstari utafika ndani ya dakika mbili. Likiwa na mushkeli, utaona linapoa lenyewe, na mteja ataambiwa arudi kesho.

Ufunguo ndio mgumu kuliko yote. Mwenzako mwenye namba za sefu amekwama Uyole, wateja wamejaa, anakupigia akutajie namba kwa simu. Usipokee hizo namba. Hata akianza kutaja, mkatishe: "Mzee, usiniambie, tutakusubiri. Ngoja nimjulishe meneja wa uendeshaji." Kuchelewa kufungua ni aibu ya tawi zima na itasahaulika. Mtu mmoja kujua namba zote mbili hakufutiki, na siku fedha zikipotea miaka miwili baadaye, wewe ndiye utakayekuwa umezijua.

Unaweza kufanya yote hayo kwa upole na bado mtu akanuna. Kuna wanaonuna. Mwache anune siku tatu, endelea kumsalimia vilevile, na siku ya nne mbebee mzigo wake wa mafaili bila kuombwa. Nimeona wakubwa wengi wakimsema kijana mkaidi nyuma ya mgongo wake, kisha siku ya kuchagua nani ashike funguo wanamtaja yuleyule.

Mtu akirudia kuomba, na ukaona si haraka tena bali ni njia, hapo si suala la adabu. Benki kubwa zina namba au anwani ya kutoa taarifa kwa siri, na nchi ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Hiyo ni nafasi moja ambapo kumruka msimamizi wako kunaruhusiwa. Kwingine kote usimruke.

Siku ya shoti

Itafika. Umefunga droo, umehesabu mara ya pili, laki moja haipo: hiyo ndiyo shoti, upungufu wa fedha. Usikope kwa jirani kujaza. Usikae nayo mpaka kesho ukitumaini kuwa mteja atarudisha. Mwambie keshia mkuu saa hiyohiyo, kabla mahesabu ya tawi hayajafungwa, ili warudie vocha zako moja moja. Mara nyingi kosa ni tarakimu iliyogeuzwa au bunda la elfu tano lililotolewa kama la elfu mbili, na mzee mwenye uzoefu hulinusa haraka. Atakuchamba kidogo. Vumilia. Shoti iliyotangazwa ni kosa la kazi, iliyofichwa ni kosa la uaminifu, na benki hazizipimi kwa mizani moja.

Ukipewa barua ya kujieleza, usijibu ukiwa na hasira na usijibu kwa mdomo. Andika ukurasa mmoja: lilitokea nini, saa ngapi, ulifanya nini, ulimtaarifu nani. Usimshtaki mtu ambaye hujaulizwa habari zake. Ikifika kikao cha nidhamu, kanuni za ajira za mwaka 2007 zinakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kwenda na mwakilishi, awe wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Tumia haki hiyo bila kelele. Chagua mwenzako mwenye miaka mingi, kwa sababu kwenye kile chumba miaka yake nayo inaongea. Vyama vya wafanyakazi vya TUICO na FIBUCA vyote vina wanachama mabenki, na tawi lako huenda lina mwakilishi wa mmojawapo. Mfahamu kabla hujamhitaji.

Wateja, gunia la mchele na mkungu wa ndizi

Mteja wa Nyanda za Juu Kusini naye anaangalia nani mkubwa. Mzee wa Rungwe aliyeuza parachichi zake hatafurahi kuhudumiwa na kijana asiyemwamkia, hata kama huduma ilikuwa ya dakika moja. Simama kidogo, sema shikamoo, kisha endelea na slipu yake. Akikwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, unapomkabidhi fedha, umefanya kazi.

Ugumu uko kwenye zawadi. Msimu wa mavuno, afisa mikopo wa Kyela au Mbarali anaweza kuletewa gunia la mchele na mtu ambaye ombi lake bado liko mezani. Huyo mrudishie, na mrudishie mbele ya shahidi, kwa maneno ya upole: "Baba, nikiupokea mchele huu nitakuharibia mkopo wako." Ndivyo ilivyo, na ataelewa. Lakini bibi aliyeleta mkungu wa ndizi kushukuru kwa sababu mlimsaidia kurudisha kadi iliyomezwa na mashine, ukimkatalia umemtukana. Pokea kwa niaba ya tawi, iandikwe kwenye daftari la zawadi kama benki yako inalo, ndizi ziliwe na wote kwenye chumba cha chai. Fedha taslimu hazina mjadala, ndogo wala kubwa, na TAKUKURU wana ofisi kila mkoa.

Michango, misiba na mikopo

Changia. Weka fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya harusi na misiba ya wenzako, na likiisha sema limeisha. Msiba ndio usiokosa. Tawi likikodi Coaster kwenda Tukuyu kumzika mama wa mlinzi, panda. Watu hawataandika popote kwamba ulikuja, lakini ukikosa wataandika moyoni.

Slipu ya kwanza ya mshahara itakushtua. Kodi imetoka, NSSF imetoka, na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 imetoka. Halafu benki itakupa mkopo wa mfanyakazi kwa riba nafuu, na wakubwa watakusifia nyumba walizojenga kwa mikopo hiyo. Ni kweli walijenga. Ila nafuu hiyo ni ya mfanyakazi: ukiacha kazi, kwa kawaida mkopo unageuzwa kuwa wa riba ya mteja. Usikope mkubwa kabla hujajua kama unataka kukaa. Na usimdhamini mtu kwa sababu tu ni mkubwa wako.

Likizo

Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka. Lini utazipata ni suala la ngazi. Desemba ni ya wakubwa: mvua zimeanza, wana mashamba Mbarali na Mbozi, na watoto wamefunga shule. Mwaka wa kwanza omba Machi au Septemba mwenyewe kabla hujapangiwa, utaonekana mtu wa busara. Benki nyingi zinadai kwamba angalau wiki mbili za likizo zichukuliwe mfululizo, na kipindi hicho mfumo unakufungia. Usijaribu kuja kufanya kazi kidogo tu kumsaidia mtu. Wiki hizo zipo ili mwingine akae kwenye kiti chako na aone ulichoacha. Ndiyo maana mkaguzi humtilia shaka mtu asiyekwenda likizo kabisa.

Ukipangiwa kule usikokutaka

Vijana hulia wakipangiwa nje ya Mbeya mjini. Mimi ningeomba. Tawi la mjini lina wakubwa wengi na wewe utakaa kaunta miaka mitatu ukihesabu. Tawi dogo lina watu wachache, na kwa kukosa watu utaonjeshwa kila meza.

Tunduma ni mpakani na Zambia, fedha taslimu ni nyingi na kwacha zinaingia na kutoka. Utajifunza kutambua noti na watu. Chunya ina dhahabu na tumbaku, kwa hiyo mteja wa leo ana mamilioni na wa kesho hana kitu akiwa ni mtu yuleyule, na pale ndipo afisa mikopo anapokomaa. Vwawa ni kahawa ya Mbozi, msimu ukifika vyama vya ushirika vinalipa na wakulima wanafika kabla ya walinzi hawajabadilishana zamu. Mafinga ni mbao na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, malipo makubwa na mikataba ya mashamba ya miti inayokomaa baada ya miaka mingi. Makambako ni njia panda, reli ya TAZARA na barabara kuu na njia ya kwenda Njombe hadi Songea vinakutana pale, biashara ni ya kila aina. Kyela kuna joto, acha sweta nyumbani.

Kabla hujahama, uliza kwa maandishi posho ya uhamisho, usafiri wa mizigo na siku za kujipanga. Kila benki ina kanuni zake, na mtu wa rasilimali watu hawezi kukukasirikia kwa kuuliza kanuni. Anachokasirikia ni kuulizwa baada ya lori kuondoka.

Kupanda

Hakuna njia ya haraka, na anayekwambia ipo anataka kitu kwako. Lakini ipo njia iliyo nafuu kuliko kungoja watu wastaafu.

Somea kitu kinachohesabika. Taasisi ya Wanabenki Tanzania inatoa mitihani ya taaluma ya benki, na mkubwa aliyeifanya atakuheshimu ukiianza, asiyeifanya atakuheshimu ukiimaliza. Shahada ya pili unaweza kuipata bila kuacha kazi: Mzumbe wana kampasi Mbeya, Chuo Kikuu Huria wapo, na ukiwa Iringa kuna vyuo pale mjini. Mwambie msimamizi wako kabla hujajiandikisha. Ukimshtukiza na ratiba ya mitihani wiki ya mishahara, umejitafutia adui bure.

Nafasi ikitangazwa ndani, omba hata kama unajua kuna mtu "ana zamu yake." Ila kabla ya kutuma barua, nenda kwa huyo mwenye zamu: "Kaka, nimeona nafasi, najua wewe uko mbele yangu, nami nataka nijaribu nipate uzoefu wa usaili." Wengi watakutakia heri, na wengine watakusaidia maswali. Akikasirika, angalau hakusikia kwa mwingine.

Ukiombwa kukaimu, furahi, kisha omba barua. Kukaimu bila barua ni kufanya kazi ya mtu kwa mshahara wako, na miezi sita baadaye hakuna kumbukumbu kwamba uliwahi kukaa kile kiti. Iombe kwa adabu siku ya kwanza: "Bosi, nashukuru kwa imani. Naomba barua ya kukaimu ili nami nisaini kwa mamlaka." Hakuna meneja anayeweza kupinga neno mamlaka, maana wakaguzi watamuuliza yeye.

Tathmini ya mwaka usiiache mikononi mwa msimamizi peke yake. Kila mwisho wa mwezi andika mistari mitatu ya ulichofanya: akaunti ulizofungua, mikopo iliyorejeshwa kwa ufuatiliaji wako, hoja ya mkaguzi uliyoifunga. Desemba ikifika, yeye atakuwa amesahau na wewe utakuwa nayo. Mpe karatasi hiyo kabla hajaanza kujaza, akishaweka alama ni vigumu kumrudisha nyuma.

Ukiamua kuondoka

Wengine huenda benki nyingine ng'ambo ya barabara, wengine hufungua uwakala wao Mwanjelwa, wengine huchoka tu. Ondoka kwa utaratibu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inadai notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Mwambie msimamizi kwa mdomo kwanza, asubuhi, kabla barua haijafika mezani kwa meneja. Kisha mwambie yule aliyekufundisha kazi. Akisikia kwa watu ataumia, na mji huu ni mdogo: huko uendako watampigia yeye kuuliza habari zako.

Kama hukuondoka bali umeondolewa, na unaona si haki, lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hazisubiri mazungumzo ya pembeni, hata kama anayekuahidi kulimaliza ni mzee wa kuheshimika.

Siku ya mwisho usikubali kuagwa kwa soda kabla ya makabidhiano. Hesabu droo na anayekupokea. Funguo zisainiwe kwenye daftari la funguo, jina lako litoke na la mwingine liingie, tarehe na saa. Hakikisha akaunti yako kwenye mfumo imefungwa na omba uthibitisho wa maandishi. Mihuri irudi, kitambulisho kirudi, nakala ya makabidhiano ibaki kwako pamoja na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa. Wakikwambia "acha tu, tutamalizia Jumatatu," sema utasubiri, ukae palepale kwenye benchi la wateja mpaka karatasi ipatikane.